Gari Limeitwa Kiwandani, Mwenyewe Yuko Arusha

Tarehe 29 Januari 2024, Toyota ya Marekani iliwaambia wenye magari yapatayo 50,000 wayaegeshe na wasiyaendeshe tena mpaka yatengenezwe. Hayakuwa magari ya kifahari. Yalikuwa Corolla na Matrix za 2003 na 2004, pamoja na RAV4 za 2004 na 2005, magari yaliyokwisha kufikisha takriban miaka 20, ambayo huko kwao mengi yalishaelekea kwenye chuma chakavu. Arusha gari la umri huo bado lina kazi. Simama Sanawari asubuhi ya siku ya kazi uzitazame RAV4 na Corolla za kizazi hicho zinavyopishana, kisha ujiulize ni wangapi kati ya wenye magari hayo waliowahi kupata barua.

Ni kweli kwamba tangazo lile lilihusu magari yaliyouzwa Marekani. Lakini kasoro iliyolizaa, ya eabegi, ilikuwa pia kwenye magari yaliyouzwa Japani, na Japani ndiko yanakotoka mengi ya magari yetu. Mei 2015 Toyota ilitangaza kuyaita karibu magari milioni 5 duniani kwa kasoro ya jamii hiyo, Vitz na Corolla zikiwemo. Wito wa namna hiyo maana yake ni moja: kiwanda kinakiri kwamba kifaa kilikuwa kibovu tangu kilipofungwa, na kinaahidi kukibadilisha bure.

Hapa kwetu mjadala wa usalama wa magari huishia kwenye breki, mwendo na kujaza abiria. Una sababu zake. Haukupita mwezi tangu tangazo lile la Marekani, lori lililoelezwa kufeli breki likayagonga magari mengine Ngaramtoni, tarehe 24 Februari 2024, na watu 25 wakapoteza maisha. Breki ya lori ni suala la matunzo: kuna mtu alipaswa kuikagua, na kuna askari aliyeweza kulisimamisha lori. Kasoro ya kiwandani ni ya aina nyingine. Gari linaweza kuwa limefanyiwa huduma kwa wakati, lina stika zote, linaendeshwa na dereva mstaarabu, na bado likabeba ndani ya usukani kitu ambacho aliyekitengeneza ameshatangaza kuwa hakifai.

Tatizo la Arusha, na la Tanzania nzima, si kwamba watu wanapuuza wito. Wito hauwafikii. Kwa hiyo anayesema "nasubiri gari langu litengenezwe" mara nyingi hasubiri chochote: hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote, hakuna kifaa kilichoagizwa kwa jina lake, na hakuna anayejua kwamba yupo. Kazi ya kwanza ni kujiingiza kwenye foleni. Ya pili ni kujua namna ya kuishi na gari wakati foleni inasogea.

Kasoro iliyotikisa dunia

Eabegi hujazwa na gesi. Ndani ya usukani, na nyuma ya dashibodi upande wa abiria, kuna kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga kwa nguvu, vidonge huwaka na gesi hujaa mfukoni kabla mtu hajapepesa jicho. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilichagua kutumia amonia naitreti, kemikali iliyomo pia kwenye mbolea ya CAN ambayo wakulima wa Tengeru na King'ori huiweka kwenye mahindi. Mkulima anajua mfuko wa CAN ukiachwa wazi stoo unakuwaje: mbolea hunyonya unyevu, hushikana mabonge, kisha humong'onyoka. Vidonge vya Takata vilipatwa na jambo linalokaribiana na hilo. Kwa miaka mingi ya joto linalopanda na kushuka, pamoja na unyevu uliopenya, vilivimba na kupata vitundu. Siku ya ajali viliwaka kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, kopo likapasuka, na vipande vya chuma vikamrukia aliyekaa mbele yake.

Kifo cha kwanza kinachojulikana kutokana na kasoro hiyo nchini Marekani kilitokea Oklahoma mwaka 2009, ndani ya Honda Accord. Tangu hapo zaidi ya watu 30 wamekufa duniani na mamia wamejeruhiwa. Makopo yapatayo milioni 100 yameitwa dunia nzima, takriban milioni 67 kati yake yakiwa Marekani. Januari 2017 Takata ilikubali kulipa dola bilioni 1 baada ya kukiri kwamba iliwadanganya wateja wake kuhusu matokeo ya majaribio. Juni mwaka huohuo ikafilisika. Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW, Ford na wengine wakabaki na magari ya kuyatafuta, na hadi Juni 2025 Ufaransa ilikuwa bado inawaamuru wenye magari fulani wayaegeshe baada ya mtu mwingine kufa Reims ndani ya Citroën C3.

Si kampuni zote huyaita magari kwa moyo mweupe. Mitsubishi, ambayo jina la malori yake, Fuso, linajulikana na kila mtoto wa barabara ya Namanga, ilificha kwa miaka kasoro ya kitovu cha gurudumu. Januari 2002 mjini Yokohama gurudumu la lori lilichomoka likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Wito wa kurekebisha vitovu ulitoka 2004. Kwa hiyo anayeusikia wito asidhani ni hofu ya kampuni inayojikinga na mawakili. Mpaka kiwanda kifike mahali pa kukubali gharama hiyo, mara nyingi mtu ameshaumia mahali fulani.

Barua inapopotelea

Japani barua ya wito hutumwa kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye usajili. Akiliuza gari mnadani, likanunuliwa na msafirishaji, usajili wake hufutwa na hutolewa hati ya kulisafirisha nje. Kuanzia hapo gari halina anwani Japani. Linafika bandari ya Dar es Salaam, linalipiwa kodi, linapewa kadi na namba za Mamlaka ya Mapato, TRA, linapandishwa hadi Arusha, linauzwa yadi. Baada ya mwaka au miwili linauzwa tena kwa jirani, safari hii kadi ikibaki na jina la mmiliki wa awali kwa sababu kubadilisha umiliki kuna gharama. Barua ingefika vipi?

Kuna jambo jingine linaloongeza uzito. Kuanzia Mei 2018 Japani ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi, kile wanachokiita shaken, magari yenye eabegi za Takata za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa. Bila shaken gari haliruhusiwi kutembea barabarani Japani. Lakini gari linalopanda meli halihitaji shaken. Mantiki ya soko inajieleza: kitu kilichokosa bei nyumbani hutafuta mnunuzi mbali. Haina maana kwamba kila Vitz iliyoingia baada ya 2018 ina kasoro. Ina maana kwamba kichujio kilichowekwa kumlinda Mjapani hakikuwekwa kumlinda anayenunua gari hilohilo akiwa Njiro.

Sera zetu za umri nazo zina mchango. Kenya imeweka ukomo: gari lililozidi miaka 8 haliingii. Tanzania haikufunga mlango, ila inalitoza gari kongwe ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa mwenye kipato cha kawaida hilo limekuwa neema, kwa kuwa gari la 2004 au 2006 lipo ndani ya uwezo wake. Lakini kwa kasoro inayokomaa kwa umri, gari la miaka 18 ndilo hasa la kuulizwa maswali.

Je, baridi ya Meru inatukinga?

Hoja hii husikika kwa watu wanaofuatilia: Takata ni tatizo la joto na unyevu, Arusha ni baridi, basi Dar es Salaam na Tanga ndio wahangaike. Nusu yake ni kweli. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipopanga nani atengenezewe kwanza, ilitanguliza majimbo ya joto na mvuke kama Florida, kwa sababu huko makopo yaliharibika mapema. Jiji la Arusha lipo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, chini ya mlima wenye mita zaidi ya 4,500, na mwezi Julai watu huvaa makoti hadi saa nne asubuhi.

Nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari. Kopo halihesabu hali ya hewa ya mji linakolala leo, linabeba historia yote. Gari lililoegeshwa miaka 10 Okinawa au Kyushu, likakaa yadi ya Dar es Salaam, likatumika Tanga miaka 5, haliponi kwa kuhamia Sakina. Tena Meru si sehemu moja. Upande wa kusini, kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, unapata mvua nyingi za masika na ukungu, wakati Ngarenanyuki upande wa pili wa mlima ni kukavu na kuna vumbi. Na gari lililofungwa vioo na kuachwa juani sokoni Kilombero mchana wa Februari lina joto lake ndani ambalo halijali mwinuko. Ubaridi wa Arusha unaweza kuchelewesha uharibifu. Haufuti uliokwisha kutokea, na hautoshi kuwa sababu ya mtu kukaa bila kuuliza.

Namba ya chesisi ndiyo ufunguo

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kitu kidogo. Tovuti za Marekani na Ulaya za kuangalia wito huomba namba yenye tarakimu na herufi 17. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani halina namba hiyo. Lina namba fupi yenye kistari katikati: KSP90 na namba zake kwa Vitz ya injini ndogo, NZE121 kwa Corolla ya kizazi kile, ZNE10 kwa Wish. Kilicho kabla ya kistari ni aina ya gari, kinachofuata ni namba ya gari lenyewe. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Marekani itakujibu kwamba haitambui, na mtu mwenye haraka ataondoka akiamini gari lake ni salama.

Njia sahihi ni kurasa za kampuni mama za Japani. Toyota, Honda, Nissan na wenzao wana sehemu ya kuingiza namba ya chesisi yenye kistari. Kurasa ni za Kijapani, lakini simu yoyote ya kisasa itazitafsiri vya kutosha kukupa moja ya majibu matatu: hakuna wito, wito upo na kazi ilishafanyika, au wito upo na haijafanyika. Jibu la tatu lipige picha, tarehe ionekane.

Namba yenyewe isomwe kwenye gari, isitegemewe kadi peke yake. Fundi mzoefu wa Unga Limited atainua boneti, ataloweka kitambaa kwa petroli kidogo na kufuta mafuta na vumbi kwenye kibati kilichopigiliwa ukutani kati ya injini na viti, kisha ataisoma kwa sauti, herufi moja moja, wewe ukifuatisha na kadi. Sifuri ikiandikwa kama herufi O kwenye kadi, jibu litakuwa la gari lisilokuwepo. Na namba zikitofautiana kabisa, una tatizo kubwa kuliko eabegi.

Kwa magari yaliyonunuliwa mapya, kama Land Cruiser nyingi za mashirika na za kampuni za utalii, namba huwa ya tarakimu na herufi 17, na wa kuulizwa kwanza ni wakala wa hapa nchini. Hata mwenye gari la mtumba anapaswa kwenda kwa wakala huyo, kwa maandishi: namba ya chesisi, picha ya jibu la tovuti, jina na simu yake, na ombi la kujibiwa kama kifaa kipo, kitaagizwa lini na kwa gharama ya nani. Aombe namba ya kumbukumbu. Jibu likiwa ni hapana, liwe hapana ya maandishi, maana ndiyo itakayobebwa kwenda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliipa pia kazi ya kumlinda mlaji.

Kuendesha au kuegesha

Ukishajua gari lako limeitwa na kifaa hakipo, swali la nyumbani ni moja: nitalitumia au nitaliegesha? Wito haufanani, na kuutendea kila mmoja kama msiba ni sawa na kuupuuza wote, kwa kuwa mtu huogopa kwa wiki mbili, akachoka, kisha akarudi kwenye mazoea. La kujiuliza ni kasoro hiyo hufanya kazi yake lini.

Zipo zinazofanya kazi gari likiwa limezimwa. Hizo ni za moto. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliwaambia Wamarekani wenye magari milioni 3.4 wayaegeshe nje, mbali na nyumba, kwa sababu kifaa cha breki kingeweza kushika moto hata gari likiwa limelala. Katika nyumba zetu, ambako gari huingizwa ndani ya geti na kuegeshwa chini ya dirisha la chumba cha watoto, ushauri wa kuegesha nje una maana ya kubadili desturi: gari likae mbali na ukuta, mbali na mtungi wa gesi na dumu la mafuta ya jenereta, na likiegeshwa kwa siku nyingi betri ichomolewe.

Zipo zinazojitokeza gari likitembea. Kuanzia 2020 Toyota na kampuni nyingine ziliyaita mamilioni ya magari kwa pampu ya mafuta iliyotengenezwa na Denso, ambayo huweza kufeli na kuzima injini njiani. Injini ikizima mtaani Themi utasukumwa na vijana hadi pembeni. Ikizima ukiwa katikati ya kulipita lori barabara ya Moshi, au kwenye mwinuko wa Oldonyo Sambu huku nyuma kuna semi yenye mzigo wa Namanga, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake kwa wakati mbaya kabisa. Gari la namna hiyo linaweza kubaki na safari za mjini, mchana, bila kupita magari mengine, na safari ndefu zikafanywa kwa basi. Kasoro ya breki au ya mfumo wa usukani haina mjadala huo. Egesha.

Eabegi ni kundi la tatu: hufanya kazi yake siku ya ajali pekee. Hapo angalia ni ya upande gani. Ikiwa ni ya abiria, ipo tahadhari ya maana isiyogharimu kitu: kiti cha mbele kisikaliwe na mtu. Si na mke, si na mzee anayepewa kiti cha mbele kwa heshima, na hasa si na mama mwenye mtoto mapajani. Abiria wakae nyuma, wafunge mikanda. Ikiwa ni ya dereva, tahadhari hiyo haipo, kwa sababu gari halitembei bila dereva. Kusogeza kiti nyuma ili kifua kiwe mbali na usukani ni vizuri siku zote, lakini hakuzuii kipande cha chuma. Kampuni ikiwa imesema usiendeshe, kama ilivyosema kwa zile Corolla na RAV4, maana yake imeshapima na kuona hata safari fupi haina udhuru.

Msomaji anaweza kutegemea taa nyekundu ya SRS kwenye dashibodi. Asiitegemee. Taa hiyo huonyesha hitilafu ya umeme, kama waya kukatika au sensa kufa. Kompyuta ya gari haiwezi kuonja vidonge vilivyo ndani ya kopo. Eabegi mbovu ya Takata hukaa kimya, taa imezimika, kama nzima.

Dawa za gereji

Penye pengo la wakala, gereji huliziba. Dawa ya kwanza unayoweza kupewa ni kukata waya: "Tunaiua tu, bosi, utaendesha kwa amani." Kinachouawa ni kinga yote. Kwa gari ambalo halijaitwa, eabegi pamoja na mkanda ndivyo vitakavyokuokoa ukigongana uso kwa uso Kikatiti. Kwa gari lililoitwa, kuizima huenda kukawa na hoja, lakini ni uamuzi wa kufanywa na wakala au kiwanda kwa kopo linalojulikana, si wa kubahatisha kwa koleo. Kopo lenyewe ni baruti ndogo. Kulifungua bila kuchomoa betri na kusubiri umeme uishe kwenye mfumo ni kumweka fundi mahali pa abiria.

Dawa ya pili ni mbaya zaidi kwa kuwa ina sura ya matengenezo: kutoa eabegi iliyoitwa na kufunga nyingine iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Spea za mtumba zinatusaidia sana, na hakuna aibu kununua mlango au taa ya namna hiyo. Lakini eabegi ya mtumba ya gari la umri uleule huenda imetoka Takata pia, imekaa juani miaka ileile, na kwa nje hakuna anayeweza kuijua. Mwenye gari atakuwa amelipia kubadilisha hatari kwa hatari, tena namba ya chesisi itaendelea kuonyesha kwamba kazi haijafanyika.

Gharama ya kusubiri

Ushauri wa kuegesha ni mwepesi kwa mwenye gari la pili. Arusha magari mengi yanakula jasho lake kila siku. Dereva wa Noah ya Usa River au wa teksi ana hesabu ya kupeleka kwa bosi jioni. Aliye kwenye mkataba analipa kila siku ili baada ya muda gari liwe lake, na siku ambayo gari limelala deni halilali. Wito ukifika, ukifika kweli, unamfikia mwenye kadi. Anayekaa mbele ya usukani ni mwingine. Bosi ana kila sababu ya kunyamaza, na dereva hana namna ya kujua.

Hapa panahitajika makubaliano ya maandishi kabla ya tatizo. Mkataba wa gari la biashara useme nani atakagua namba ya chesisi, mara ngapi, na hesabu itakuwaje gari likiegeshwa kwa wito wa usalama. Vyama vya madereva stendi vinaweza kulisimamia hili kuliko serikali. Kampuni za utalii zina sababu ya ziada: mgeni anayetoka nchi ambako barua za wito humfikia nyumbani atauliza, na bima ya kampuni inaweza kuuliza kabla yake. Hata kwa gari binafsi, mwenye bima kubwa asome kipengele kinachomtaka alitunze gari katika hali ya kufaa barabarani, aiulize kampuni yake kwa maandishi inavyouchukulia wito ambao haujatekelezwa.

Na jambo la kuuza. Mtu aliyegundua kwamba gari lake limeitwa hupata kishawishi cha kulipeleka yadi haraka. Kumficha mnunuzi jambo unalolijua si ujanja wa biashara. Likiuzwa, liuzwe na picha ya jibu la tovuti mkononi na bei inayolingana nalo.

Daftari tunalo

Serikali nyingine zimeshapita njia hii. Australia ilifanya wito wa Takata kuwa wa lazima Februari 2018. Afrika Kusini, baada ya magari aina ya Ford Kuga kuwaka moto, ilishuhudia 4,556 yakiitwa Januari 2017 huku mamlaka ya walaji ikisukuma. Lakini wa kufanana nasi ni New Zealand, kwa kuwa nayo hununua magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani. Aprili 2018 ilitangaza wito wa lazima kwa makopo ya Takata ya aina hatari zaidi, katika magari zaidi ya 50,000, na ikazuia magari yenye makopo hayo yasiingie nchini. Haikutofautisha lililouzwa jipya na lililokuja likiwa limetumika.

Tanzania haihitaji kuanza na chombo kipya. Namba ya chesisi inaandikwa TRA gari linaposajiliwa. Shirika la Viwango, TBS, ndilo lenye dhamana ya ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inaijua namba hiyo kwa magari ya abiria. Kampuni za bima huiingiza kila mwaka kwenye mfumo wa stika za kielektroniki. Askari wa usalama barabarani huiona kwenye kadi wakati wa ukaguzi. Mlango mmoja tu kati ya hiyo ukiunganishwa na orodha za wito za viwanda vya Japani, ujumbe mfupi ungeweza kumfikia mwenye gari siku anapokata bima. Mlango wa bima una faida kwa sababu anayelipa ndiye anayelitumia gari sasa, hata kama kadi ina jina la mtu wa zamani.

Yapo mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza: maelfu ya watu wakiarifiwa kwa siku moja, wakala hatakuwa na vifaa, na hofu itajaa bila tiba. Marekani ilipata shida hiyohiyo ya uhaba wa makopo, ikaitatua kwa kupanga foleni kwa umri wa gari na hali ya hewa ya mahali lilipo. Mtu anayejua kwamba kiti cha abiria kisikaliwe ameshapata tiba ya nusu hata kabla ya kifaa kufika. La pili: nani alipie gari ambalo wakala wa hapa hakuliuza? Kasoro ni ya kiwanda, na haikukoma gari lilipovuka bahari. Lakini serikali ikiomba kwa niaba ya magari yote yaliyosajiliwa itasikika kuliko mwenye Vitz mmoja anayeomba peke yake kaunta.

Nafuu kubwa kuliko zote ipo kwa anayenunua leo. Matengenezo ya wito Japani ni bure gari likiwa bado lipo huko. Kabla ya kutuma fedha, mwombe muuzaji namba kamili ya chesisi, iangalie mwenyewe, na wito ukiwepo weka sharti kwamba ufanyike kabla gari halijapanda meli, ushahidi utumwe pamoja na nyaraka. TBS ingelifanya sharti hilo kuwa sehemu ya ukaguzi, foleni ya kesho ingepungua tangu bandari ya Yokohama. Mpaka hapo, aliye na gari tayari ana kazi ya kufanya leo jioni: afungue boneti, aifute ile namba, aiangalie. Akikuta wito, apeleke barua kwa wakala, aamue kwa aina ya kasoro kama gari litatembea au litalala, na asimwachie fundi wala bahati uamuzi huo.